Macho Mekundu Katika Mchezo wa Kijana wa Soweto

Mwezi uliopita nilikuwa Moshi kwa shughuli ya ukoo, nikafikia kwa dada yangu katika mtaa wa Soweto. Usiku, vyombo vilipokwisha kuondolewa mezani, mpwa wangu akaja na kompyuta yake mpakato, akaniomba radhi kwa kunichelewesha kulala. Alikuwa na kitu alichotaka nikitazame, ila kwa sharti moja, kwamba taa zizimwe. Dada yangu akaguna, kama wagunavyo akina mama waliolipa ada za shule kwa miaka mingi na ambao sasa wanangoja kuyaona matunda yake. Taa zikazimwa.

Kioo kilikuwa cheusi tititi. Maandishi yalikuwa ya kijani, yenye herufi za upana mmoja, mfano wa zile mashine za miaka ya 1970 na 1980 ambazo wengi wetu tumeziona katika picha tu. Niliambiwa kwamba nimo ndani ya handaki, chini ya shamba la migomba. Kwamba nina koroboi yenye mafuta ya kutosha hatua arobaini. Na kwamba juu yangu kuna mtu anayetembea. Palikuwa na vitufe vinne vya kwendea huku na huku, na cha tano kilichoandikwa "Sikiliza". Nikasikiliza. Nikasogea. Nikasikiliza tena. Mara ya tatu, katika pembe ya ramani iliyokuwa giza, zikatokea nukta mbili nyekundu. Sikuona mwili, wala mkono, wala silaha. Nukta mbili tu. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba mimi, mtu mzima mwenye shahada na watoto wawili, nilishtuka hata goti langu likagonga meza.

Nilipotulia nilimwuliza ameutengeneza kwa chombo gani, nikitazamia kusikia jina la mtambo mkubwa wa kuundia michezo. Akaniambia ameutengeneza kwa kile kile anachokitumia kazini. Kazi yake, kwa malipo ya mkataba, ni kupanga takwimu za kahawa.

Ndugu msomaji aliye katika ofisi ya wilaya huenda amekwisha kuiona kazi ya chombo cha namna hiyo pasipo kulijua jina lake: ukurasa wenye chati na majedwali, kitelezi cha kuchagulia mwaka, na orodha ya kata za kuchagua. Hiki kinaitwa Streamlit. Kampuni yake ilianzishwa Marekani mwaka 2018. Chombo kikatolewa bure kwa umma mwaka 2019. Na mwaka 2022 kampuni ya Snowflake ikainunua kwa bei iliyotajwa kuwa kiasi cha dola milioni 800. Nia yake ni kwamba mtu ajuaye kuandika programu kwa lugha ya Python, lakini hajui ufundi wa kujenga kurasa za intaneti, aweze kuweka takwimu zake mbele ya wakubwa wake kwa mistari michache. Hakuna hata mmoja kati ya waliokiunda aliyekusudia kumtisha mtu. Hata hivyo, kitelezi kilichokuwa kikichagua msimu wa kahawa ndicho mpwa wangu alichokigeuza kuwa utambi wa koroboi, wa kupandishwa na kushushwa. Jedwali lililobeba kilo, kijiji kwa kijiji, ndilo lililokuwa ramani ya handaki: kila kisanduku ni chumba, penye 0 ni udongo, penye 1 ni njia.

Nilitaka kujua palipomshinda. Swali hili huwa nalipenda, kwa sababu mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake atakujibu kwa dakika ishirini, na aliyeiga atakujibu kwa neno moja. Mpwa wangu alinijibu kwa zaidi ya dakika ishirini.

Tabia kuu ya chombo hicho, alisema, ni usahaulifu. Kila mtumiaji abonyezapo kitufe, programu nzima husomwa upya toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba haijapata kusomwa. Kwa mwenye kutazama chati jambo hili lina faida, maana chati hufuata daima kile kilichochaguliwa sasa, wala haibaki na mabaki ya uchaguzi uliotangulia. Kwa mwenye kutengeneza mchezo ni balaa. Handaki lilikuwa likichorwa kwa bahati nasibu, na kwa kuwa kila bonyezo lilichora upya, mchezaji aliyepiga hatua moja mbele alikuta njia aliyotokea imezibwa kwa udongo. Alipoupandisha utambi, bila hata kusogea, adui alihama chumba. Ilimchukua siku kadhaa kufahamu kwamba kosa halikuwa katika hesabu zake bali katika kumbukumbu. Dawa yake ni hifadhi maalumu, iliyoongezwa katika chombo hicho mwaka 2021, ambayo ni kama daftari lisilofutwa programu isomwapo upya. Ramani ikaandikwa humo mara moja tu mwanzoni. Mahali alipo mchezaji humo. Mafuta yaliyobaki humo. Na yule wa juu humo. Lakini nalo daftari hilo lina mpaka wake: ukiufungua ukurasa upya, limekwenda.

Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu lile kosa la kwanza, la kuta zinazohama nyuma yako, lilikuwa la kutisha kuliko mchezo uliosahihishwa. Akacheka akasema, "Mjomba, lazima mtu aweze kushinda."

Tabia ya pili ni utulivu. Michezo mikubwa ya siku hizi huchora picha makumi kwa sekunde, na adui hukimbia upende usipende. Chombo hiki hakitendi lolote mpaka ubonyeze. Mchezo wake basi ni wa zamu, kama bao. Nawe unaweza kukaa na koroboi yako nusu saa, hakuna atakayekugusa. Mtu angedhani kwamba hapo hofu imekwisha. Kumbe ndipo inapoanza, kwa sababu aliyekaa anajua kwamba hatua itakayomleta yule adui ataipiga yeye mwenyewe. Toka mwaka 2024 ipo njia ya kuifanya sehemu moja ya ukurasa ijirudie yenyewe kila baada ya muda mfupi, naye ameitumia mahali pamoja tu, kwa zile nyayo za juu. Sauti nayo ilimsumbua, kwa kuwa vivinjari aghalabu hukataa kupiga sauti ukurasa unapofunguliwa, mpaka mtumiaji abonyeze kitu kwanza. Hii ndiyo maana ya kile kitufe cha "Sikiliza". Nilikuwa nimekisifu kuwa ni ubunifu wa hali ya juu. Akaniambia ni lazima ya mashine.

Sasa nirudi kwa dada yangu, ambaye alikuwa amekaa gizani muda wote huo akitusikiliza. Alipowasha taa aliuliza swali moja: "Na hii analipwa na nani?"

Swali hilo si la kubezwa, na wapo walimu wengi na wakubwa wa ofisi ambao wangeliuliza kwa ukali zaidi. Wamezoea kuamini kwamba mchezo ni adui wa kazi. Katika shule nyingi chumba cha kompyuta hufungwa kwa kufuli, ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja, na juu ya mlango huandikwa onyo dhidi ya michezo. Mwalimu hafanyi hivyo kwa uovu. Anajua kwamba mashine ikiharibika ataulizwa yeye, wala hakuna atakayemwuliza mtoto alijifunza nini. Lakini hebu tupime jambo lenyewe. Kazi ya kahawa ilimfundisha mpwa wangu kupanga chati, nayo aliifanya karibu mwaka mzima pasipo kuhitaji kujua kinachotendeka ndani ya chombo pale kitufe kinapobonyezwa. Mchezo ndio uliomlazimisha kujua. Na alipokwisha kujua, aliukumbuka ukurasa wake wa kahawa, na karani mmoja aliyekuwa akilalamika msimu mzima kwamba kilo alizokwisha kuziingiza hupotea. Watu walimwona karani yule mzembe. Kumbe kilo zake zilikuwa zimekaa katika daftari lile lile la muda, na kila umeme ulipokatika akaufungua ukurasa upya, zilikwenda na maji. Kosa hilo lilisahihishwa kwa mistari sita. Aliyelisahihisha alikuwa akihangaika na zimwi lililohama chumba bila ruhusa.

Dada yangu alikubali kuhusu karani. Kuhusu malipo hakukubali, wala simlaumu.

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili la kuziogopa mashine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965. Hesabu zilizotiwa ndani yake baadaye zilileta matatizo makubwa, fedha za kigeni zilikuwa haba, na wataalamu walikuwa wageni. Na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sisemi kwamba walioamua hivyo walikuwa wajinga. Mtu aliyeungua huondoa mkono wake motoni kwanza, kisha ndipo hufikiri. Lakini miaka ilipita, na katika miaka hiyo wenzetu walikuwa wakicheza. Mwaka 1976 mhandisi mmoja wa Marekani, Will Crowther, aliyekuwa na mazoea ya kuingia mapangoni, aliwaandikia binti zake mchezo wa maneno matupu uliotokana na pango la Mammoth katika jimbo la Kentucky. Mwaka uliofuata Don Woods aliupanua. Mwaka 1981 Mwingereza Malcolm Evans aliutunga mchezo wa mzingile wenye mnyama wa kale anayekufuata, katika mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa nyumba yenye mizuka, ambamo mchezaji mwenyewe huonekana gizani kama macho mawili. Sisi Tanzania Bara tulikuja kuwa na kituo cha televisheni mwaka 1994.

Kwa hiyo huo ukale anaoupenda mpwa wangu, wenye maandishi ya kijani na nukta kubwa kubwa, ni ukale wa watu wengine. Ameupata kwa kuutazama katika intaneti. Mashine zile hazikufika Soweto, wala utoto wake haukuwa na kumbukumbu nazo. Mwanzoni nililiona jambo hili kuwa ni kasumba, nikataka kumwambia. Nilisita nilipokumbuka handaki.

Maana handaki si la Kentucky. Wasomaji waliopata kufika Marangu na sehemu nyingine za Vunjo wanayajua yale mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono na wazee wetu, zamani za uvamizi wa Wamasai na vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya watawala wa Uchagani. Udongo wa mlima ni wa volkano, huchimbika, nao husimama bila nguzo. Walichimba njia nyembamba za kupita mtu mmoja, wakachimba vyumba vya kulala, mahali pa kufunga ng'ombe na mbuzi, mahali pa kupikia, na matundu ya kuingizia hewa. Leo watalii hulipa kuingia, huinama, hupiga picha, hutoka wakipangusa magoti. Mama yangu, ambaye ni bibi yake kijana huyu, anakaa mlimani si mbali na huko, na habari za mahandaki alizisikia kwa bibi yake. Alizotusimulia sisi hazikuwa za ushujaa. Zilikuwa za mama aliyemziba mtoto mdomo asilie, huku juu ya vichwa vyao wageni wakipita katikati ya migomba. Hofu ya kungoja gizani pasipo kujua aliye juu ni nani imekuwamo ndani ya mlima huu kabla Crowther hajazaliwa, na kijana ameiona kuwa inafanana kabisa na chombo kisichotenda lolote mpaka ubonyeze. Hapo nilimvulia kofia.

Nilipomwuliza yule mwenye macho mekundu ni nani, alinijibu bila kusita: "Ni kizee mchawi, mjomba. Mwishoni unapata mafuta ya kutosha, kinatokea kitufe cha 'Choma', unamchoma, unashinda."

Kwa nini kizee? Kwa sababu, alisema, nukta mbili nyekundu ni rahisi kuchora kuliko kitu chochote, na kila mtu huelewa papo hapo.

Ndugu msomaji, ni hapo penye "kila mtu huelewa" ndipo niliposhikwa na baridi ambayo mchezo haukunipa. Katika mikoa ya Ziwa na Magharibi, hasa Usukumani, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa dhidi yao ulikuwa huo huo: macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga toka utoto, akipika kwa kuni, na kuni zilipokosekana kwa samadi ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho mekundu afikapo miaka sabini. Hilo ni somo la afya ya msingi, na kila mwalimu aweza kulifundisha. Badala yake limekuwa hukumu ya kifo kwa akina mama ambao kosa lao lilikuwa kuishi muda mrefu, na wakati mwingine kuwa na shamba ambalo ndugu wanalitamani. Sheria yetu ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, humhesabu kuwa mkosaji hata yule amtajaye mwenzake kuwa mchawi. Watumishi waliofanya kazi katika mikoa hiyo wanajua jinsi ilivyo vigumu kuitumia sheria hiyo katika kijiji ambacho kila mtu huelewa.

Nilimwuliza mpwa wangu, "Macho ya bibi yako yana rangi gani?"

Akanyamaza. Bibi yake ana miaka sabini na minane, na jiko lake la mlimani ni la moshi mpaka leo, ingawa tulimnunulia la gesi. Anasema ndizi za gesi hazina ladha.

Haifai niseme kwamba kijana alishindwa hoja pale pale, kwa kuwa haikuwa hivyo. Alijitetea, na utetezi wake ulikuwa na uzito. Alisema mchezo si kweli. Kwamba huko Ulaya hucheza michezo ya wachawi kila siku na hakuna kikongwe anayeuawa. Kwamba hadithi za kizee mlaji watu zilikuwapo kabla ya kompyuta. Na kwamba tukianza kumkataza huyu hiki na yule kile tutaishia pale pale pa mwaka 1974, na kufuli mlangoni. Hoja hii ya mwisho ilinigusa, maana ni mimi niliyekuwa nimemsimulia habari za mwaka 1974 nusu saa tu kabla ya hapo.

Jibu langu lilikuwa hili. Ulaya nao walichoma wanawake wao kwa uchawi, kwa maelfu, karne ya kumi na sita na ya kumi na saba. Mchawi wao leo ni wa kuchezea kwa sababu wamekwisha kuacha kumchoma. Wetu hajafika huko. Tena hadithi na mchezo si kitu kimoja. Katika hadithi mtoto husikia kwamba kizee alichomwa. Katika mchezo huu kidole chake mwenyewe ndicho hubonyeza "Choma", na kwa kubonyeza hupongezwa kwamba ameshinda. Simkatazi mtu kutisha watu. Ninachodai ni kwamba anayetisha achague cha kutishia, asikiokote tu njiani kwa kuwa ni rahisi kuchora.

Fasihi yetu imekwisha kulijaribu jambo hili. Walimu wa Kiswahili wanakijua "Mzimu wa Watu wa Kale", cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa mahali pa mizimu, kila mtu amekwisha kuelewa kwamba ni mizimu, na Bwana Msa na kiko chake ndiye peke yake asiyeelewa, ndiyo maana akaendelea kuuliza. Kitabu kile kinatisha, wala hakimchomi mtu yeyote kwa ajili ya kutisha. Na katika michezo yenyewe upo mfano wa jirani. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, ambaye mama yake alijinyima miaka mitatu ili apate dola 300 za kumnunulia kompyuta, alitengeneza mchezo alioupa jina la "Salaam". Ndani yake mchezaji ni mkimbizi. Hukimbia, hutafuta maji na chakula. Mwaka 2018 aliheshimiwa kwa kazi hiyo katika tuzo za michezo za kimataifa huko Marekani. Alikuwa na sababu nyingi za kumpa mchezaji bunduki, naye hakumpa.

"Sasa mjomba, juu ya handaki awepo nani?" aliniuliza mpwa wangu. Nilikuwa nimemnyang'anya zimwi lake, ikawa haki yangu kumtafutia lingine.

Tulimpigia simu bibi yake asubuhi. Alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe, na hakuelewa vema mchezo wa kwenye kompyuta ni kitu gani, lakini alielewa mara moja kwamba mjukuu anataka kitu cha kutisha. Akamsimulia habari ya irimu. Kwa wasio Wachaga, irimu ni zimwi, ila kuna hadithi moja ambamo irimu alikuwa mtu. Alivunja mwiko, akageuka. Miiba ikaanza kumwota mwilini, ikaota mpaka akawa kichaka kinachotembea, kikimeza watu na mifugo. Hakuna aliyeweza kukikaribia. Ndugu yake akaenda kwa mganga, akaambiwa la kufanya, akakitia kichaka moto. Miiba ikaungua, na ndani yake akatoka ndugu yake, mzima. Alice Werner, mtaalamu Mwingereza wa lugha za Kibantu, aliitaja hadithi ya namna hiyo ya Wachaga katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu, kwa hiyo si mama yangu peke yake aliyeihifadhi. Ila Werner hakuisimulia huku akifukuza kuku.

Mpwa wangu aliisikiliza kwa kipaza sauti cha simu, na niliona vidole vyake vimeanza kuandika kabla bibi hajamaliza. Kichaka ni rahisi kuchora: ni herufi tu za kijani, nyota na mikwaju, zinazoongezeka kila mchezaji anapopiga hatua. Kitufe cha "Choma" kimebaki pale pale kilipokuwa. Mafuta yamebaki. Nukta mbili nyekundu zilitoka kwa kufuta mistari miwili. Ugumu mpya aliouona, na ambao hakuwa ameumaliza nilipoondoka, ni kwamba sasa mchezaji lazima amwache yule wa juu amkaribie sana, hata chumba cha pili, ndipo moto umfikie. Na mpaka hapo mchezaji hajaambiwa kwamba ni ndugu yake. Kama ataambiwa mapema, hofu itapungua. Kama ataambiwa baada ya kubonyeza, itakuwa amemchoma mtu pasipo kujua, na hatukuwa tumeondoka mbali na kizee. Tulibishana juu ya jambo hili mpaka basi langu lilipokaribia kuondoka. Mimi nilitaka zile nyayo za juu, katika hatua za mwisho, ziwe zinamwita mchezaji kwa jina alilojiandikisha mwanzoni. Yeye alisema hiyo itatisha kupita kiasi.

Lipo jambo moja zaidi, nalo linawahusu walimu. Kijana huyu ameiandikia shule moja ya sekondari ya Moshi, ambayo sitaitaja, akiomba atumie chumba cha kompyuta saa mbili kila Jumamosi, bila malipo, awafundishe wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu kutengeneza michezo kwa chombo hicho hicho. Katika barua yake hakutumia neno "kutisha", kwa ushauri wa mama yake, mimi ningelitumia. Hadi naandika haya, wiki ya tano, hajajibiwa. Chumba kina mashine kumi na nne, na ufunguo uko kwa mtu mmoja. Ikiwa mkuu wa shule anaona wasiwasi kwamba watoto watafundishwa ushirikina, wasiwasi huo ni halali, naye ana haki ya kuja Jumamosi ya kwanza akae nyuma na kuuliza adui wa kila mchezo ni nani na kwa nini. Wala sidhani kwamba swali hilo limepata kuulizwa katika michezo ambayo wanafunzi hao hao wanaicheza usiku katika simu za kaka zao.

Mchezo wenyewe umewekwa katika seva ya bure ya wenye chombo, na huko kuna utaratibu kwamba ukurasa usiotembelewa kwa muda hulazwa usingizi. Juzi niliufungua nikiwa ofisini, wakati wa chakula cha mchana. Ulikuwa umelala, na kioo kikaniuliza kama nataka kuuamsha. Nikabonyeza, nikangoja karibu dakika nzima. Nilipoingia handakini nilikuta mafuta ya hatua thelathini tu, amepunguza kumi, na nyayo za juu zilikuwa zimeanza kuita.